Sinema Sebuleni: Hesabu Gharama Kabla ya Kununua Projekta

Mwezi huu nimeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama kadhaa wameniuliza baada ya ibada: je, familia yenye kipato cha kawaida inaweza kuwa na sinema yake nyumbani kwa kununua projekta? Na kama inaweza, mtu aichague vipi asije akatupa fedha zake?

Jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Lakini mimi si fundi wa umeme wala mfanyabiashara wa vyombo hivyo. Nitajibu kama mama ambaye alikwisha kutupa fedha mara moja, akajifunza, kisha akanunua tena kwa akili.

Jinsi nilivyodanganyika

Mwaka 2021 mwanangu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Baba yao alikuwa akisafiri mara kwa mara kikazi, nami nilikuwa na zamu za usiku. Usiku mmoja tulibadilishana zamu na mwenzangu, nikarudi nyumbani bila kutazamiwa. Ilikuwa saa tano na nusu. Wadogo zake walikuwa wamelala pamoja na dada wa kazi, lakini kitanda cha mkubwa kilikuwa kitupu. Alikuwa kwenye kibanda umiza cha mtaa wa pili. Mnavifahamu vibanda hivyo: mabati juu, mabenchi yamebanana, joto, moshi wa sigara, na sinema ambazo hakuna mzazi aliyezichagua.

Alipoingia sikumpiga. Nilimwuliza tu, "Mwanangu, unafuata nini kule?" Akanijibu kwa adabu, "Mama, kule picha ni kubwa, halafu tunaangalia pamoja."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Hakusema anafuata uovu. Alifuata picha kubwa na kuwa pamoja na wenzake. Nikawaza, hayo mawili hata nyumbani yanaweza kupatikana.

Wiki tatu baadaye zamu yangu ya upatu ikafika, shilingi 300,000. Nilipopita mjini nikaona dukani projekta ndogo nyeupe, nzuri kwa sura. Boksi lake liliandikwa lumeni 9,800, likaandikwa 4K, likaandikwa inchi 200. Bei ni shilingi 185,000. Muuzaji aliiwasha kwa dakika mbili, akaelekeza picha ndogo kama daftari kwenye kona yenye giza. Ilipendeza. Nikalipa, wala sikudai risiti.

Jioni tukaiwasha sebuleni, taa ya koridoni ikiwa inawaka. Picha ilikuwa imepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Watu tuliwaona, lakini nyuso zao hatukuzitambua. Maandishi ya chini hayakusomeka. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga. Mwanangu alinitazama, akanihurumia, akasema, "Siyo mbaya, mama." Kesho yake usiku alirudi kibandani.

Nami nikaongeza kosa juu ya kosa. Baba yao alipopiga simu na kuuliza nimeinunua kwa kiasi gani, nilimwambia shilingi laki moja.

Katika Injili ya Luka sura ya 14 Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Mimi sikuketi. Nilisimama mbele ya kaunta na kusoma boksi.

Boksi linasema nini, na ukweli ni upi?

Kanisani kwetu kuna kijana anayehudumu upande wa vyombo vya sauti, ndiye pia anayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Nilimpelekea projekta yangu kwa aibu. Aliiwasha, akatabasamu, akasema, "Mama, lumeni za kwenye boksi ni kama umri wa mchezaji wa mpira. Wa kwenye karatasi ni mmoja, wa kweli ni mwingine." Tukacheka, kisha akanifundisha.

Lumeni ni kipimo cha mwanga. Lakini lumeni zinazoaminika ni zile zilizopimwa kwa utaratibu unaojulikana. Utaratibu wa ANSI uliwekwa nchini Marekani mwaka 1992: mpimaji huigawa picha nyeupe katika sehemu tisa zilizo sawa, akapima mwanga unaofika kila sehemu, akatafuta wastani, na kuuzidisha kwa eneo la picha. Upo pia utaratibu wa kimataifa wa ISO unaofanana na huo. Kwa hiyo ukiona "lumeni 300 za ANSI" na mtengenezaji ni wa kuaminika, hiyo ni habari. Ukiona "lumeni 9,800" bila neno jingine, hilo ni tangazo tu. Huko Marekani jambo hili limefika mpaka mahakamani, ambako kampuni ya Epson iliwashtaki wauzaji kadhaa kwa kutangaza lumeni zisizo za kweli.

Neno la pili ni 4K. Picha ya projekta imeundwa kwa nukta nyingi ndogo. 4K kamili ina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Lakini projekta nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwamba "zinapokea 4K", maana yake zinakubali filamu ya namna hiyo kisha zinaipunguza ili ienee katika nukta chache zilizomo ndani. Ni sawa na kumimina ndoo ya maji kikombeni. Yangu ilikuwa na nukta 800 kwa 480 tu, yaani 384,000 kwa jumla. Projekta yenye nukta 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Basi usiulize, "Inapokea nini?" Uliza, "Nukta zake halisi za ndani ni ngapi?" Kwa sinema ya nyumbani, 1920 kwa 1080 ni nzuri sana, na 1280 kwa 720 au 1280 kwa 800 inavumilika. Chini ya hapo usinunue.

Neno la tatu ni inchi 200. Projekta yoyote ukiisogeza nyuma itatoa picha kubwa, maana mwanga hutawanyika. Lakini mwanga hauongezeki. Ukipaka kijiko kimoja cha siagi kwenye kipande kimoja cha mkate, utaisikia ladha. Ukikipaka kwenye vipande vinne, utakula mkate mtupu. Vivyo hivyo, picha ya inchi 120 ina eneo mara nne ya picha ya inchi 60, na mng'ao wake unabaki robo. Ukitaka picha ing'ae, mara nyingi dawa ni kuipunguza, wala haigharimu kitu.

Giza halina bei

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa ninalotaka mlishike mwezi huu. Projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Mahali peusi pa picha ni mahali ambapo mwanga haukutumwa, kwa hiyo panabaki na rangi ya ukuta wako kama ulivyo wakati huo. Taa ya koridoni ikiwaka, nyeusi yako itakuwa kijivu, na picha nzima itapauka hata kama chombo ni cha gharama. Wenye fedha hushindana na mwanga kwa kununua lumeni nyingi. Sisi wenye fedha kidogo tunapaswa kuuondoa mwanga wenyewe.

Wahenga wa filamu hapa kwetu walilijua hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulikuwapo mradi ulioungwa mkono na Baraza la Kimataifa la Misheni wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa watu wa Afrika Mashariki. Mojawapo ilihusu ugonjwa wa safura. Lori liliwapelekea watu filamu hizo vijijini, sauti ikitoka kwenye santuri. Nami nilipokuwa msichana mdogo niliitazama filamu ya Yesu, ile iliyotolewa mwaka 1979, kwenye uwanja wa misheni, kitambaa cheupe kikiwa kimefungwa katikati ya miti miwili na jenereta ikilia mbali. Hatukuwa na ukumbi. Tulingoja jua lizame.

Katika nchi yetu jua huzama mapema mwaka mzima, na ifikapo saa mbili kasorobo usiku giza limekwisha kuingia. Hiyo ni baraka kwa mwenye projekta ndogo. Ukizima taa zote na kuziba dirisha kwa pazia zito, lumeni 270 hadi 300 za kweli kwenye picha ya inchi 80 zinakupa mng'ao unaokaribia ule unaotumika katika kumbi za sinema za kidijitali, ambao ni kandela 48 kwa mita ya mraba. Ukiacha taa ikiwaka, utahitaji lumeni elfu moja na zaidi. Ukitaka kuangalia mchana madirisha yakiwa wazi, hata lumeni 3,000 zitakuonyesha picha iliyopauka.

Kwa hiyo, mama, jiulize kwanza: sisi tunaangalia saa ngapi? Kama familia yako huangalia taarifa ya habari na vipindi vya watoto mchana, nakushauri ununue televisheni nzuri, usinunue projekta. Si kila kinachovutia kinatufaa. Kama mnataka jioni moja au mbili kwa juma za kukaa pamoja mbele ya picha kubwa, projekta ndiyo yenyewe. Picha ya inchi 80 ina eneo zaidi ya mara tatu ya televisheni ya inchi 43.

Chukua futi ya fundi cherehani

Kabla ya kwenda dukani, pima chumba chako. Inchi zinazotajwa hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya pili inayoikabili. Picha ya inchi 80 ina upana wa sentimeta 177 na kimo cha sentimeta 100 hivi. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimeta 221 na kimo cha 125. Je, ukuta wako una nafasi hiyo bila dirisha wala kabati?

Kisha uliza uwiano wa umbali wa projekta hiyo. Ni namba ndogo kama 1.2 au 1.5, na imo katika kitabu chake cha maelezo. Zidisha namba hiyo kwa upana wa picha, utapata umbali wa kuiweka. Kwa picha ya inchi 80, projekta ya 1.2 inahitaji mita 2.1, na ya 1.5 inahitaji kama mita 2.7. Zipo zinazokaa karibu sana na ukuta, lakini bei yake kwa kawaida si ya mtu wa kubana matumizi. Watazamaji nao wakae mita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwenye picha ya inchi 80.

Projekta ikae sawasawa mbele ya ukuta. Ukiiweka pembeni au chini sana, picha huwa pana upande mmoja. Nyingi zina njia ya kuinyoosha picha hiyo, lakini kwa kufanya hivyo hupoteza sehemu ya nukta zake. Afadhali meza ndogo iliyowekwa mahali pake kuliko marekebisho mengi.

Kuhusu kitambaa cha kuonyeshea, usiharakishe kununua. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unatosha kabisa. Shuka jeupe nalo linafaa, ila lipige pasi, livutwe pande zote lisiwe na mikunjo, na nyuma yake uweke kitambaa cheusi ili mwanga usipenye.

Aina za projekta na taa zake

Projekta za bei nafuu ziko za namna mbili kubwa. Za kwanza ni za LCD, ambamo mwanga hupenya kwenye vioo vidogo vinavyofungua na kufunga nukta. Zile nzuri za namna hii zina vioo vitatu, kimoja kwa kila rangi ya msingi. Zile rahisi sana zina kioo kimoja tu. Za pili ni za DLP, zinazotumia vioo vidogo mno vinavyoinama mbele na nyuma, kazi iliyotokana na uvumbuzi wa Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. DLP hutoa picha kali katika umbo dogo, lakini watu wachache huona mimweko ya rangi kama upinde wa mvua, na wengine huumwa kichwa. Ndiyo maana ni vizuri baba, mama na watoto wote waitazame kabla ya kununua.

Taa nazo ni tatu. Projekta nyingi za ofisini hutumia taa ya zebaki, yenye mwanga mwingi, inayodumu kwa saa 3,000 hadi 5,000 kwa kawaida, na zaidi ikiwekwa katika hali ya kubana matumizi. Ikifa, hununuliwa nyingine, wala si rahisi. Za LED na za leza hudumu kwa saa 20,000 au zaidi. Ukiangalia saa mbili kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 27.

Angalia na umeme. Projekta ya taa ya wati 300 ikiwaka saa mbili hula uniti 0.6 za LUKU. Ndogo ya LED ya wati 60 hula uniti 0.12. Tena taa ya zebaki haipendi umeme kukatika ghafla, kwa sababu feni husimama kabla taa haijapoa. Kama mtaa wenu umeme hukatika mara kwa mara, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua LED. Zipo ndogo zenye betri ndani, lakini nyingi hupunguza mwanga zikitumia betri.

Usisahau sauti. Spika za ndani ya projekta ni dhaifu. Kama mna sabufa nyumbani, tafuta projekta yenye tundu la sauti au bluetooth. Na kama unataka kuunganisha king'amuzi, hakikisha ina tundu la HDMI. Ukitegemea kuangalia Netflix na huduma kama hizo moja kwa moja kutoka kwenye projekta, zijaribu hapo hapo dukani, maana kwenye projekta nyingi rahisi hazikubali kufunguka.

Siku ya kununua

Fedha ikiwa kidogo, kuna njia mbili za haki. Ya kwanza ni projekta ndogo mpya ya LED yenye nukta 1920 kwa 1080 na lumeni za ANSI zilizoandikwa na mtengenezaji anayejulikana. Ya pili ni projekta ya ofisini iliyotumika, ya vioo vitatu, yenye mwanga wa kutosha. Kwa vyovyote, fanya haya:

1. Nenda jioni, au omba chumba chenye giza. Nenda na futi yako.

2. Chukua flashi yenye filamu unayoifahamu. Chagua sehemu ya usiku, uone kama nyuso zinatambulika, na sehemu yenye maandishi, uone kama pembe zote nne zinasomeka kama katikati.

3. Ionyeshe picha kwa ukubwa ule ule utakaoutumia nyumbani. Usikubali picha ya ukubwa wa daftari.

4. Onyesha picha nyeupe tupu. Utaona madoa ya njano, vumbi na nukta zilizokufa.

5. Iache iwake nusu saa. Sikiliza feni, nusa kama kuna harufu ya kuungua, na uone kama picha inahama au kufifia.

6. Kama ni ya taa, fungua orodha ya mipangilio usome saa za taa zilizokwisha kutumika, na uulize bei ya taa mpya kabla ya kulipa, si baadaye.

7. Dai risiti na dhamana iliyoandikwa. Muuzaji mwema hatachukia.

Tahadhari za afya

Kwa kuwa nimezoea kazi ya wodi, niruhusuni niseme machache hapa. Mwanga unaorudi kutoka ukutani hauna tatizo, lakini mtoto asiruhusiwe kuchungulia ndani ya lenzi projekta ikiwaka, hasa ya leza. Iweke mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuinamia. Waya zipite kando ya ukuta, si katikati ya chumba, kwa maana gizani watu hujikwaa. Matundu ya hewa yasifunikwe na kitambaa cha meza, hata kama kimefumwa vizuri namna gani.

Kuhusu taa ya zebaki: wauguzi tunakumbuka vipimajoto vya kioo na jinsi tulivyofundishwa kuiogopa zebaki ikimwagika. Taa hiyo nayo ina kiasi kidogo cha zebaki. Ikipasuka, utasikia mlipuko. Toa watoto nje, zima umeme, fungua madirisha, uache chumba kipate hewa kwanza. Usifagie wala usiokote vipande kwa mikono mitupu.

Na sinema iishe mapema. Mtoto anayelala saa sita usiku nyumbani hana tofauti kubwa darasani na yule aliyelala saa sita kwa sababu ya kibandani.

Bajeti yetu ilivyokuwa

Mwaka 2023 upatu wangu ulipofika tena, ulikuwa shilingi 600,000. Safari hii sikwenda peke yangu. Lakini kabla ya kumwomba baba yao tuongozane, ilinibidi nimwambie kweli kuhusu ile bei ya kwanza. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka miwili, na kila nilipofundisha watoto wa shule ya Jumapili juu ya kusema kweli, nililikumbuka. Nilimwambia jikoni, mikono ikiwa kwenye sabuni. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi hii ya pili tudai risiti."

Tulinunua ya ofisini iliyotumika, nukta 1280 kwa 800, vioo vitatu, lumeni 3,000, taa imetumika saa 1,100. Tulilipa shilingi 420,000. Waya wa HDMI wa mita 10 ulikuwa 35,000. Rangi nyeupe isiyong'aa 18,000. Kitambaa kizito cheusi cha mapazia, nilichokishona mwenyewe, 40,000. Sabufa tulikuwa nayo. Jumla ni 513,000. Zile 87,000 zilizobaki tuliziweka kwenye bahasha iliyoandikwa "Taa", na kila mwezi tunaongeza 10,000. Siku taa itakapokufa, hatutakopa.

Sisemi ni kamilifu. Nyeusi yake si nyeusi kama ya sinema ya mjini, na feni inasikika kidogo hata katika hali ya kubana matumizi. Lakini nyuso zinatambulika, maandishi yanasomeka, na hakuna aliyesema "siyo mbaya" kwa kunihurumia.

Tarehe 21 Januari 2024 Taifa Stars walicheza na Zambia kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast. Mchezo ulianza saa mbili usiku kwa saa za kwetu, giza likiwa tele. Sebuleni nilihesabu vijana tisa, wengine sikuwa hata nawajua majina. Msuva alipofunga dakika ya 11, meza ya projekta ilitikisika na picha ikaenda upande, baba yao akaruka kuishika. Daka aliposawazisha dakika ya 88, nyumba ilinyamaza kimya. Walikunywa chai yote na kumaliza mikate miwili. Walipoondoka, mwanangu alibaki kukunja mikeka bila kuambiwa.

Bado kuna siku huniomba ruhusa aende kibandani na wenzake. Lakini sasa huomba, nami hujua yuko wapi na atarudi saa ngapi. Ile projekta ya kwanza hatukuitupa. Huwatosha wadogo zake kwa katuni, picha ikiwa ya inchi 30 na taa zote zimezimwa.

Basi, mpendwa msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, zima taa, shika futi, keti na mwenzako, mhesabu. Bwana awape hekima katika matumizi ya nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.